Sanduku Lenye Mtoto

Msimu wa wanafunzi wapya wa sekondari ukifika, mdundo wa Kamukunji, Nairobi, hubadilika. Miezi mingine nyundo hugonga karai, majiko ya makaa na toroli. Siku hizo hugonga masanduku. Hupangwa moja juu ya jingine hadi kimo cha mtu, meusi, ya buluu, ya kijani, na anayetoka soko la Gikomba na furushi la mitumba kichwani hana budi kupita kiubavuubavu. Mzazi ana karatasi ya shule mkononi. Kwenye orodha, katikati ya godoro na ndoo, kumeandikwa sanduku la chuma na kufuli lake.

Bati lenyewe huja likiwa jipya, au hutoka kwenye pipa la mafuta lililopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo. Fundi huchora kwa msumari, hukata kwa mkasi mzito, kisha hukunja pembe juu ya kipande cha reli. Naam, reli ya treni. Hiyo ndiyo fuawe ya Kamukunji, na ni haki kabisa katika mji ambao wenyewe ulizaliwa na reli. Ukingo wa kifuniko huviringishwa juu ya waya usije ukakata vidole. Nyuma hupigwa bawaba, kandoni vishikio, mbele ulimi wa chuma unaoangukia kwenye pete ya kufuli. Basi, limekwisha.

Mnunuzi mgeni hutazama mbele, kwenye kufuli. Mnunuzi aliyewahi kulala bwenini huligeuza sanduku kwanza atazame nyuma. Anajua kwamba mwizi wa shule hasumbuki na kufuli. Huenda kwenye bawaba, huchomoa waya wake taratibu, hufunua kifuniko kwa upande usiotarajiwa, huchukua mkate na sukari, kisha hurudisha waya mahali pake. Asubuhi kufuli liko vilevile, limefungwa kwa heshima zote, na ndani hamna kitu. Ndiyo maana fundi mzuri huponda ncha za waya huo mpaka ziwe bapa kama kichwa cha msumari. Ukimuuliza atakuambia hiyo ndiyo kazi, mengine ni rangi.

Mchezo huu kati ya anayefunga na anayefungua ni wa zamani, na zama zake za fahari zilikuwa enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901. Wakusanyaji wa vitu vya kale bado hutafuta visanduku vya vito vya enzi hiyo kwa bei ya kutisha. Kwa nje ni mbao nzito zilizong’arishwa na pembe za shaba. Ukifungua unakuta mahameli, kioo, vichupa vya manukato vyenye vifuniko vya fedha, ukadhani umeona vyote. Hujaona. Mahali fulani pana pini ndogo au kitufe, na ukikibonyeza, droo iliyojificha ubavuni hufyatuka nje kwa nguvu ya springi, na humo ndimo mwenyewe alimoweka mkufu wake. Visanduku vya kuandikia navyo vilikuwa na hila yao: unaondoa kidau cha wino, unasukuma ubao ulio kando yake, ubao unaruka, na nyuma yake kuna vidroo vyembamba vya kuficha barua ambazo hazikupaswa kuonekana.

Waungwana wa London walijivunia zaidi vitasa. Joseph Bramah alikuwa ameshasajili kitasa chake mwaka 1784. Ufunguo wake ulikuwa kijibomba chenye mifereji ya vina mbalimbali kwenye ncha: unausukuma ndani, vipande vya chuma vinashuka kila kimoja kwa kipimo chake, kisha unazungusha. Mwaka 1790 kampuni yake iliweka kitasa cha aina hiyo kwenye dirisha la duka mtaa wa Piccadilly, na tangazo kwamba atakayekifungua bila ufunguo wake atalipwa gini 200. Bramah alifariki mwaka 1814, kitasa kikiwa kimefungwa. Naye Jeremiah Chubb, mwaka 1818, alileta kitasa chenye tabia ya mshitaki. Mtu akijaribu kukidanganya kwa ufunguo wa bandia, kipande kimoja cha ndani kilijinasa, na mwenye mali alipokuja na ufunguo halali alijua papo hapo kwamba kuna aliyemtangulia.

Kisha ukaja mwaka 1851 na Maonyesho Makuu ya London, ndani ya jumba la vioo. Miongoni mwa wageni alikuwamo Mmarekani mmoja mtengeneza vitasa, Alfred Charles Hobbs. Alikifungua kitasa cha Chubb kwa dakika kama 25. Halafu akaomba ruhusa ya kujaribu kile cha dirishani Piccadilly. Kilimchukua saa 51 zilizogawanywa katika siku 16, lakini kilifunguka, na gini 200 zikalipwa. Magazeti ya Uingereza yaliingiwa na fadhaa kana kwamba adui ametua pwani. Miaka 61 taifa zima lilikuwa limelala usingizi kwa kuamini chuma, kumbe chuma nacho husikiliza mtu mvumilivu.

Mwaka huohuo wa 1851, huko Unguja, Sayyida Salme alikuwa mtoto wa karibu miaka 7. Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, binti wa Sultani Said bin Sultan. Baadaye aliolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake. Humo anaeleza vyumba vya nyumbani kwao: kabati hakuna, kuna makasha makubwa mazito, kadhaa katika kila chumba, yaliyopigwa maelfu ya misumari midogo ya vichwa vya shaba, yenye droo mbili tatu chini, na ndani yake mahali pa siri pa kuwekea fedha na vito.

Mahali hapo pa siri anayelijua kasha la pwani hupaonyesha hivi. Unainua kifuniko kikubwa. Ndani, pembeni, kwa kawaida upande wa kushoto, pana kijisanduku chembamba kilichopigiliwa ukutani mwa kasha, nacho kina kifuniko chake. Mwizi wa haraka hufungua hicho, akakuta vitu vidogo vidogo, akaenda zake. Aliyeonyeshwa huondoa ubao wake wa mbele kwa kuutelezesha juu, ukatoka bila sauti, na nyuma yake, chini ya kile kinachoonekana kuwa sakafu ya kijisanduku, wamelala watoto wawili au watatu. Watu wa pwani huiita droo mtoto wa meza. Kwa kasha lile jina hilo linafaa zaidi, kwa maana watoto wamebebwa tumboni.

Makasha hayo yalitengenezwa Surat na Bombay, na baadaye pwani yenyewe, na yalisafiri kwa majahazi na upepo wa kaskazi. Oman huitwa mandusi, na huko hadi leo ni mali ya bibi harusi. Kiswahili kimeyapa majina kutoka pande zote za bahari: sanduku ni la Waarabu, kasha limetoka kwa Wareno, na bweta, kile kisanduku kidogo cha vitu vya thamani, pia ni la Wareno. Tofauti ya kasha na kisanduku cha London iko katika mambo yanayolindwa. Bramah na Chubb walishindana kutengeneza ufunguo usioigika. Kasha halina shida hiyo. Kitasa chake cha mbele kikubwa ni cha kutisha watoto tu. Linategemea swali jingine: nani ameonyeshwa?

Na swali hilo ndilo lililoingia Nairobi pamoja na watu wa pwani.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Kabla hata mji haujapata sura, vijiji vya Waafrika vilikuwa vimechipuka kandokando: Pangani, Maskini, Kaburini, na vingine. Wengi wa wakazi wake walikuwa Waislamu, watu wa misafara, askari waliomaliza kazi, wachuuzi, na wanawake waliokuja mjini kwa miguu yao wenyewe. Serikali ya kikoloni ilitenga eneo la Pumwani mwaka 1919, na katika miaka iliyofuata ikavunja vijiji vingine na kuwahamishia watu huko. Pangani ilisazwa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930, ndipo ikavunjwa nayo, na Shauri Moyo ikajengwa kupokea waliong’olewa.

Pumwani mtu aliruhusiwa kujenga mwenyewe juu ya kiwanja cha manispaa, na waliojenga walijenga kama pwani. Mlango mmoja mbele. Ukipita mlango kuna ukumbi mrefu, na vyumba huku na huku, kila kimoja na mlango na kufuli lake. Nyuma ua, choo, jiko. Mgeni wa barabarani anaona ukuta wa udongo na mlango mmoja. Ndani mna wapangaji wa vyumba sita na kila mtu na siri zake. Ukiitazama kwa jicho la fundi, nyumba ya Pumwani ni kasha: kitasa kimoja mbele, watoto tumboni.

Wenye makasha hayo, kwa idadi iliyowashangaza maafisa wa kikoloni, walikuwa wanawake. Mwanahistoria Luise White, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1990 baada ya kuwahoji wazee wa Pumwani na kwingineko, alionyesha jinsi wanawake wa Nairobi, wengi wao wakijipatia riziki kwa ukahaba, walivyoweka akiba na kuigeuza nyumba. Fedha ya mkononi hutoka, kikuku hupotea, nyumba ya vyumba sita huleta kodi kila mwezi. Jiji halikuwapa benki wala hati, likawapa kiwanja tu, nao wakakifungia ndani kila walichokuwa nacho. Wengi walisilimu, wakapata udugu wa mjini, na baadhi wakamrithisha nyumba msichana waliyemlea au waliyemchagua, badala ya kuacha irudi kwa wanaume wa ukoo mashambani. Mtoto wa kasha alionyeshwa yule ambaye mwenyewe alitaka kumwonyesha.

Wakati huohuo serikali ilikuwa ikigawa kisanduku cha aina nyingine, na hiki hakikuwa na raha yoyote. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume aliyetimiza miaka kama 16 alipaswa kubeba kipande: karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake. Karatasi hiyo ilikunjwa ndani ya kikopo kidogo cha chuma kilichoning’inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikifananisha na kengele ya mbuzi, na walikuwa na sababu.

Hebu fikiria ujanja wa kifaa hicho. Kikopo chenyewe mtoto mdogo angekifungua. Kilichofungwa kilikuwa mtu. Bila saini ya mwajiri wa zamani kwamba amemwachilia, hakuweza kuajiriwa kwingine. Akiondoka bila saini alikuwa mtoro, na alama za vidole zingemfuata Mombasa au Kisumu. Bila kikopo shingoni, askari yeyote njiani angeweza kumpeleka korokoroni. London walihangaika nusu karne kutafuta kitasa kinachomshitaki mwizi. Nairobi walikipata na kumvalisha mwenye nyumba. Mwanasiasa Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makuu ya umati uliojaa mbele ya kituo cha polisi, umati ambao mwanamke aitwaye Muthoni Nyanjiru aliuchochea kwa maneno na kwa mwili wake mwenyewe kabla ya risasi kumwangusha yeye na wengine wengi. Kikopo kiliendelea kuvaliwa kwa zaidi ya miaka 20 baada ya siku hiyo.

Kuna jambo ambalo historia za Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, hulipita haraka, nalo ni kitanda. Manispaa na reli hawakujenga nyumba kwa ajili ya familia. Walijenga kwa ajili ya kibarua mmoja mwanamume, ambaye mke wake alidhaniwa yuko shamba na hataonekana mjini. Kariokor, iliyochukua jina lake kwa wapagazi wa jeshi wa vita ile ya kwanza, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa mtindo wa mabweni. Muthurwa ilikuwa safu za reli. Hata baada ya Vita Vikuu vya Pili, Ziwani na Bahati zilipopimwa, hesabu za maafisa mara nyingi zilikuwa za nafasi za vitanda: wanaume wangapi wanaweza kulazwa katika chumba kimoja. Mpangaji hakupangishwa nyumba wala chumba. Alipangishwa urefu wa mwili wake.

Sasa mtu wa namna hiyo anafunga nini? Mlango si wake. Una funguo nne kwa watu wanne. Dirisha si lake. Ukuta hana ruhusa ya kuupiga msumari. Chake ni sanduku la bati chini ya kitanda, na kufuli lake. Humo kuna shati la Jumapili, barua za nyumbani, stakabadhi za kodi, picha iliyopigwa studio, na fedha zilizoshonewa kwenye upindo wa nguo. Ukitaka kuijua Eastlands ya miaka ya 1940, usiangalie ramani za wapimaji. Vuta sanduku kutoka uvunguni. Hilo ndilo lililokuwa nyumba ya mtu.

Sanduku hilo la bati lilikuwa na ukoo wake. Maofisa wa Victoria walibeba masanduku ya chuma India, wakikwepa mchwa na unyevu wa masika. Wahunzi wa bazaa wakayaiga, wakayaita peti, na hadi leo peti ya chuma ni sehemu ya nyumba ya Mhindi wa kawaida. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza waliajiri Wahindi karibu 32,000 kujenga reli ya Uganda. Karibu 2,500 kati yao walikufa. Wengi wa waliosalia walirudi kwao, lakini nyuma ya reli walikuja maseremala, wahunzi na mafundi bati wengine, na karakana zao zikajaa karibu na bazaa ya Nairobi. Waafrika waliajiriwa humo kushika upande wa pili wa bati na kuvukuta moto. Wakashika, wakavukuta, na wakatazama.

Kenneth King, ambaye kitabu chake juu ya mafundi wa Kiafrika wa Kenya kilitoka mwaka 1977, alifuatilia jinsi ujuzi ulivyohama kutoka karakana za Wahindi hadi kwa Waafrika waliofanya kazi nje juani, na jinsi kila fundi alivyozaa mafundi wengine. Hakukuwa na cheti wala darasa. Kijana alionyeshwa. Siku aliyojua vya kutosha aliondoka na nyundo yake, akatafuta kipande cha reli, akajipachika kando ya barabara.

Lakini kabla ya mafundi hao kujaa barabarani kulikuja, katikati ya vita vya kupigania uhuru, asubuhi ya tarehe 24 Aprili 1954. Jeshi na polisi wapatao 25,000 waliuzingira mji alfajiri, kisha wakaingia mtaa baada ya mtaa kuwasaka Wakikuyu, Waembu na Wameru. Waingereza waliipa operesheni hiyo jina la Anvil, yaani fuawe. Wanaume walitolewa vyumbani na kupangwa mistari mbele ya watu waliovishwa magunia yenye matundu ya macho, gakunia, ambao kwa kutikisa kichwa waliamua nani aende kambini. Zaidi ya watu 20,000 waliwekwa kizuizini. Waliondoka na walichoweza kubeba. Yaliyobaki uvunguni mwa vitanda vya Bahati na Pumwani yalibaki na makufuli yake, na kufuli, kama wanafunzi wa bweni wajuavyo, halimzuii mtu aliye na muda wa kutosha na asiye na mwenye nyumba.

Watoto wao walibaki barabarani. Kituo cha Starehe kilianzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, kikianza na vibanda viwili vya bati kwa ajili ya wavulana wasio na makao. Hata hapo, ni bati lililowahifadhi.

Baada ya Uhuru nyundo ziliongezeka. Mafundi walijikusanya kwenye uwanda kati ya Shauri Moyo na Gikomba, jirani na uwanja wa mikutano wa Kamukunji, ambao umewapa Wakenya neno zima la mkutano wa siasa. Askari wa jiji waliwafukuza, wakarudi. Waliwafukuza tena, wakarudi tena. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilisema wazi kwamba kazi za watu hawa ni kazi, zina faida, na serikali iache kuzibomoa. Iliwachukua wakubwa muda kuelewa. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Daniel arap Moi alifika Kamukunji, akawaona mafundi wanavyounguzwa na jua, akaahidi mabanda, na mabanda yakajengwa. Waraka wa serikali wa mwaka 1986 ukawataja rasmi. Wakapata paa, na bado wanaitwa jua kali.

Wakati huo sanduku lilikuwa limeshahama kutoka kwa kibarua kwenda kwa mtoto wake. Familia zilikuwa zimeshaingia Eastlands, zikijibana katika vyumba vilivyokadiriwa kwa mwanamume mmoja au wawili; Buruburu na Umoja zilikuwa zimejengwa kwa hesabu nyingine. Baba hakulihitaji sanduku tena, lakini shule za bweni zilijaa, na bweni ni Kariokor ya mwaka 1929 yenye watoto badala ya vibarua: safu za vitanda, na haki ya mtu inaanzia na kuishia kwenye sanduku lake. Mwanafunzi mpya anajifunza hesabu zote mbili, ya darasani na ile ya kuficha ufunguo. Kamba shingoni, chini ya shati, ndipo wengi huuweka. Babu zao walivaa kitu shingoni pia.

Nyumbani akiba ilikuwa na vyombo vyake. Pwani kuna kibubu, kisanduku au chungu chenye tundu la kutia sarafu bila mlango wa kutoa, na jina lake linamkumbusha mtu bubu: kinameza na hakisemi. Kukifungua ni kukivunja. Mafundi seremala wa Nairobi nao huuza visanduku vya mbao vya namna hiyo mitaani, vimepigiliwa pande zote. Hakuna ufunguo wa kuiba kwa sababu hakuna ufunguo. Hobbs angesimama mbele yake na vyuma vyake vyote asijue aanzie wapi, wakati mtoto wa Kayole mwenye haraka analijua jibu: geuza juu chini, tikisa.

Machi 2007 M-Pesa ikaanza, na fedha nyingi zilizokuwa zikilala kwenye upindo wa nguo zikahamia kwenye simu. Kiswahili kiliita tarakimu zake nne namba ya siri, na hapo lugha ilirudi moja kwa moja kwenye kasha la Unguja: hakuna chuma tena, kuna kujua tu. Matapeli wa simu nao walielewa haraka kuliko benki. Hawavunji chochote. Wanakupigia, wanakuita kwa jina, wanakuomba kwa adabu uwaonyeshe.

Bado kuna sanduku moja la bati ambalo simu haijalimaliza, nalo huenda ndilo lenye ufunguzi wa werevu kuliko yote. Mwaka 1991, huko Niger, shirika la CARE lilianza kufanya kazi na vikundi vya akiba vya wanawake wa vijijini, na mtindo wao ukaenea hadi Afrika Mashariki. Vyama vya akiba vilikuwepo hapa muda mrefu kabla ya shirika lolote. Kilichoongezwa ni sanduku. Ni la chuma, la ukubwa wa kukumbatika, na lina makufuli 3. Funguo 3 hukaa kwa wanachama 3 tofauti, ambao si viongozi. Sanduku lenyewe hukaa kwa mtu wa nne, asiye na ufunguo hata mmoja. Kwa hiyo mwenye sanduku hawezi kulifungua, wenye funguo hawana sanduku, mwandishi anajua hesabu lakini hagusi kitu, na mbele ya wanachama wote tu ndipo fedha huhesabiwa kwa sauti.

Kwa fundi ni sanduku la kawaida lenye pete mbili za ziada. Mashine yake yote iko nje ya bati: ni wanawake 20 au 25 wa ploti na vichochoro vya jirani, wanaojuana kwa majina ya watoto wao, na ambao kila mmoja ni kipande cha chuma kinachopaswa kushuka kwa kipimo chake kabla kitasa kuzunguka. Mmoja akikosekana, halifunguki. Ndiyo maana katika vikao vya namna hii ada ya kuchelewa huchukuliwa kwa uzito kuliko riba.

Jumapili alasiri, basi, viti vya plastiki vimepangwa mviringo, sanduku liko mezani juu ya kitambaa cha kufuma, daftari limefunguliwa. Kufuli la kwanza limefunguliwa. La pili limefunguliwa. Mwenye ufunguo wa tatu amepiga simu: yuko kwenye matatu, Barabara ya Jogoo imefunga kuanzia Maringo, na kondakta anasema wanateremka hapohapo. Chai inamiminwa tena.